Kumpeleka Tomaso Kwao

Asubuhi ile Robi alipofika Nyamwaga, alimkuta Machage ameinama kwenye mlango wa Landrova, akibembelezana na kuku. Kuku alikuwa ameatamia mayai kwenye kiti cha dereva, ametunisha manyoya, na jicho lake moja lilimkazia Machage kama mwenye nyumba anavyomkazia mpangaji msumbufu. Gari lilikuwa limekaa nyuma ya zizi muda mrefu hata watoto wa jirani walidhani lilijengwa pale pale, kama ghala. Tairi zilikuwa zimekwisha upepo zikazama kwenye majani, na rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka ikafanana na migomba iliyolizunguka.

Machage aligeuka akamwona shemeji yake amesimama bila kikapu wala mzigo, na hapo hapo akajua kwamba hakuja kutembea. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za ng'ombe. Kisha Robi akasema alichokuja kusema.

"Shemeji, wanachimba kuelekea makaburini."

Robi alikuwa mjane wa Tomaso, na Tomaso alikuwa rafiki aliyechimba dhahabu na Machage kule Nyamongo tangu mwanzo wa vurugu ile, watu walipomiminika kutoka kila pembe ya nchi na sururu begani. Sasa wachimbaji walikuwa wameufuata mwamba wa dhahabu hadi ukingoni mwa kiwanja walipozikwa wenzao waliofia mashimoni. Wazee walikuwa wamekaa, wakaona hakuna wa kuwazuia vijana wale, wakaamua makaburi yahamishwe kabla ya mvua za vuli. Kila aliyekuwa na mtu wake pale amchukue.

Robi alieleza kwamba baba yake alikuwa tayari kutoa sehemu katika shamba lao. Alimshukuru, lakini alikataa. Tomaso alikuwa na mama, na mama huyo, kwa habari zilizopatikana parokiani, alikuwa bado hai kule Mbinga, upande wa pili wa nchi.

"Nataka aende kwao," alisema.

"Kwa gari gani?" Machage aliuliza, ingawa alijua.

Robi alilitazama gari, akamtazama kuku, kisha akamtazama yeye.

*

Landrova ile ilikuwa ya wawili, Machage na Tomaso. Waliipata wakati duara lao, kama wachimbaji walivyoyaita mashimo yao, lilipotema dhahabu kwa mara ya kwanza. Mzungu mmoja wa misheni alikuwa akirudi kwao, akiiuza kwa huzuni kama mtu anayeuza farasi. Kwa gari hilo walibeba mawe ya dhahabu kuyapeleka kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, walibeba maji, walibeba wagonjwa na maharusi. Siku za Jumapili waliiosha mtoni, wakafungua milango yote ikauke, nao wakakaa juu ya boneti wakila mahindi ya kuchoma.

Hapo ndipo Tomaso alipokuwa akianza habari za kwao. Alieleza milima inayosimama karibu karibu kama watu wanaonong'onezana, ziwa lililo chini yake, na mashamba ya Wamatengo yaliyochimbwa vishimo vishimo ili mvua isiuchukue udongo. Alieleza ukungu unaoingia ndani ya nyumba asubuhi, unakaa na wenyewe mpaka chai iive. Machage, ambaye hakuwahi kuvuka Arusha, aliijua njia ya kwenda Mbinga kama mtu aliyepita: mnatoka Mugumu, mnaingia mbugani kwa lango la Ikoma, mnapanda Ngorongoro, Arusha, Dodoma, mnashuka na kupanda hadi Iringa, Njombe, Songea, halafu mnaanza kuuliza. Walikuwa waende pamoja. Duara likitema tena, walisema. Tomaso aliitayarisha safari ile kwa mikono kabla hata tarehe haijajulikana. Alichonga benchi la mninga akalifunga nyuma ya gari, refu la kutosha mtu kulala, kwa sababu alisema njia ile haiendeki bila kupokezana usingizi.

Duara halikutema tena. Magogo ya kuzuia kuta yaliachia siku moja mchana, Tomaso akiwa chini na Machage akiwa juu. Walimfukua akiwa hai. Machage aliendesha kuelekea hospitali ya Tarime kama mtu mwenye moto kifuani, na Robi alikuwa nyuma, kichwa cha mumewe mapajani. Hawakufika mbali. Robi aliinuka, akamgusa bega kupitia dirisha dogo, akamwambia hakuna tena haja ya kukimbia.

Baada ya mazishi Machage aliileta Landrova nyumbani kwake Nyamwaga, akaiegesha nyuma ya zizi, akarudi kulima mahindi. Walitokea wanunuzi, hata wenye fedha za maana. Hakuuza. Hakuiwasha pia. Jioni alikuwa akienda kukaa ndani yake peke yake, na mkewe, Gati, alizoea kumwacha.

*

Gati ndiye aliyemaliza maneno. Machage alimweleza ombi la Robi akitarajia kuungwa mkono kwamba gari limekufa na safari haiwezekani. Gati alisikiliza huku akipepeta ulezi. Mwisho alisema kwamba Tomaso alikula katika nyumba yao, kwa hiyo ni mgeni wao, na mgeni husindikizwa. Kuhusu watu watakaosema mume wake amesafiri na mjane, kaka wa Robi, Mniko, angekwenda nao kuuwakilisha ukoo, na atakayetaka kuuliza zaidi aje amuulize yeye. Siku ya pili alimhamishia kuku kwenye tenga, na mayai yake yote.

Maksai waliivuta Landrova hadi barabarani, na lori la mawe likaikokota hadi Tarime, kwa fundi Saadi. Kila mwenye gari bovu katika wilaya ile alimjua Saadi. Babu yake alitoka Tanga kufuata biashara ya ngozi, akaoa, akazikwa Tarime, na mjukuu alizungumza Kikurya kama aliyechunga ng'ombe Nyamwaga. Gereji yake ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati nyuma ya soko. Mlangoni mkewe, Zuleha, alikaanga maandazi, hata magari yote yaliyotengenezwa pale yalitoka na harufu ya hiliki.

Machage alimwamkia shikamoo, akamweleza gari linatakiwa kwenda wapi na kubeba nini. Saadi hakucheka, wala hakushangaa. Alitandika gunia, akaingia uvunguni, akakaa huko kwa muda akigonga na kukwangua. Alipotoka alikuwa na tope kavu la kijivu kwenye ndevu.

"Hivi lilivyo, nikiliwasha, litakufikisha Mugumu likurudishe," alisema. "Songea ni habari nyingine. Huko mtu haendi na gari linalotembea. Anakwenda na gari linaloweza kuharibika na bado likaendelea."

Kazi ikaanza. Machage alishinda pale kila siku, akishika taa, akifungua nati zilizoganda, akitumwa dukani. Chesisi ilikuwa na ufa karibu na mkono wa springi, ukachomelewa na kuongezewa chuma. Springi zenyewe zilipatikana Sirari kwa Mkenya mmoja aliyeapa kwamba hizo zitadumu kuliko barabara. Saadi aliongeza jani moja zaidi la chuma kila upande kwa ajili ya mzigo. Alifunga tenki la pili chini ya kiti cha abiria. Mbele alitengeneza kulabu mbili nene za kuvutia gari likizama, na juu akaunda keria ya tairi za akiba, koleo na mbao za kutandika matopeni. Breki alizifungua zote hata zile zilizokuwa nzima, akisema kwamba mteremko wa Ngorongoro haujui fundi wala dereva.

Difu ya nyuma, inayozungusha magurudumu, ndiyo iliyowasumbua. Meno yake yalikuwa yamelika, na mpya haikuwako Tarime wala Musoma. Saadi alikumbuka mabaki ya Landrova kama ile, yaliyotelekezwa kwenye kambi ya zamani ya wawindaji karibu na Natta. Machage alikwenda. Mlinzi wa kambi, mzee aliyeitwa Magige, alimsaidia kuifungua difu ile kutoka kwenye vichaka. Alipoambiwa inakwenda kufanya kazi gani, aliifuta kwa shati lake mwenyewe kabla ya kumkabidhi.

Kila kitu kipya kilichoingia, kilitoa cha zamani. Machage hakuwa amelifikiria hilo. Saadi alipokwangua tope la chesisi, lilianguka kwa mabamba, na Machage alilitambua. Lilikuwa tope la Nyamongo, la mlango wa duara lao, lililorushwa na tairi siku ambazo bado walikuwa wakicheka. Karibu amwambie fundi aliache. Alijikuta akiokota bamba moja, akaliona linavyomeguka, akalitupa. Paneli iliyokuwa na mkwaruzo wa siku walipoingia mtaroni, wakitoka kwenye harusi, ilinyooshwa. Usukani uliokuwa umezungushiwa kamba na Tomaso ulivuliwa kamba hiyo, kwa kuwa ilikuwa imeoza. Jioni Machage alipokaa ndani kama alivyozoea, alisikia harufu ya rangi na grisi, na hakuwa na pa kukaa na rafiki yake.

Ndipo Saadi alipolifikia benchi.

"Hili litoke," alisema. "Pipa la mafuta lilale kulia, sanduku lilale kushoto, maji na chakula katikati."

Machage alisema benchi halitoki. Libebwe chochote, lakini benchi ni la Tomaso, alilitengeneza kwa ajili ya safari hii hii.

Saadi alifuta mikono, akafikiri namna ya kulisema. "Benchi likibaki, sanduku litasimama wima kama gunia la mahindi. Utamsimamisha mwenzako mpaka Songea?"

Machage aliweka spana chini, akachukua koti lake, akatoka. Zuleha alimwita anywe chai, naye akapita kama hakusikia. Nyumbani alikula akaenda kulala. Usingizi ulikataa, na Gati, aliyekuwa amelala amempa mgongo, alimuuliza swali moja tu: anamtunza Tomaso, au anatunza gari?

*

Alirudi Tarime baada ya siku mbili, akiwa amepanga maneno ya kumwambia fundi. Angesema safari iahirishwe. Angesema Tomaso azikwe kwa baba yake Robi, na mama yake apelekewe habari. Alikuwa bado njiani kwa miguu, kwenye mteremko wa kuingilia mjini, alipoisikia Landrova kabla ya kuiona. Mlio ule angeutambua hata katikati ya soko. Akasimama kando ya barabara.

Gari lilitokeza kwenye kona ya juu, linang'aa, likishuka. Kabla ya kona ya pili dereva alikanyaga klachi mara mbili, akaingiza gia ya chini bila kukwaruza hata kidogo, akaupiga usukani kwa kiganja, pigo moja jepesi, kama mtu anayempongeza punda. Mtu mmoja tu duniani aliendesha hivyo. Yeye mwenyewe, aliyeendesha gari lile miaka yote, hakuwahi kuweza kushusha gia bila kelele.

Landrova ikapita, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele yake. Saadi alikuwa kiti cha abiria. Kwenye usukani alikuwa Robi.

Saadi alishuka akasema walikuwa wakilijaribu gari, sasa anakwenda kuangalia kama difu inavuja, akachukua muda mrefu kuliko difu inavyohitaji. Machage alikaribia dirisha.

"Nani alikufundisha?"

"Yeye," Robi alisema. "Mlikuwa mkipokezana. Zamu yako ya kuwa chini ikifika, yeye alikuwa juu na gari. Tulikuwa tunakwenda kule uwandani, ng'ombe wanapolishwa."

"Muda wote ule."

"Muda wote ule."

Machage alishika ukingo wa dirisha. Alijaribu kuzipanga upya siku zile akashindwa. Alikuwa chini gizani, akigonga mwamba, akiamini kwamba juu hakuna kinachotokea ila jua na kumngoja yeye. Kumbe juu kulikuwa na mwanamke akijifunza kuendesha, na mwanamume akicheka pembeni yake, na gari hili hili likizunguka uwandani. Hakuwa na kumbukumbu hata moja ya siku hizo. Kilichomuuma kwanza kilikuwa wivu, na aliona aibu kuutambua.

"Hakuniambia," alisema.

"Alitaka uone siku ya safari. Alisema ukishachoka, umesinzia kwenye benchi lake huko nyuma, mimi nitashika usukani, utaamka ukute ni Robi anaendesha." Alitabasamu kidogo, akiangalia mbele. "Alikuwa akiigiza utakavyopiga kelele."

Machage alifungua mdomo kujibu. Kikatoka kicheko. Kilikuwa kifupi na kimekauka, cha mtu aliyesahau namna ya kucheka, na machozi yakaja nacho bila kuomba ruhusa. Robi hakumtazama. Alimwachia nafasi, kama watu wa kule wanavyomwachia mwanamume.

Waliporudi gereji, Machage aliingia nyuma ya gari na spana. Bolti za benchi zilikuwa ngumu, zilitaka mafuta na subira. Saadi alikuja kumsaidia, akakataliwa kwa upole. Benchi lilipotoka, chini yake pakabaki mstatili wa rangi ya zamani, kijani kile cha siku waliyoinunua. Zuleha aliliomba liwekwe mlangoni kwa wateja wa maandazi. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limekwisha kukaliwa na wapiga debe wawili na mama mmoja mwenye mtoto.

*

Sanduku lilichongwa na seremala wa Nyamongo, dogo kuliko Machage alivyotarajia. Siku ya kufukua, katekista alisali, wazee walifanya yaliyo yao, na Mniko, kaka wa Robi, ndiye aliyeshuka kaburini. Upande wa pili wa kiwanja wachimbaji walisimamisha kazi. Wengine walivua kofia. Walikuwa vijana wapya, Machage hakumjua hata mmoja, lakini aliwatazama wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaona kwamba walikuwa wakimtazama kama mtu wa zamani sana. Mmoja alisogea akauliza marehemu alitoka wapi. Alipoambiwa, alisema yeye ni wa Namtumbo, na Namtumbo si mbali na kule. Akasaidia kuliinua sanduku kuliweka garini. Lililala kushoto, likafungwa kwa mikanda, na pipa la mafuta lilikuwa kulia.

Waliondoka kukiwa na umande. Gati alikuwa amepakia ugali wa ulezi na mihogo, nyama iliyokaushwa, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Saadi, ambaye hakuwa na sababu ya kuja hadi Nyamongo, alikuja. Aliligusa gari hapa na pale, akasikiliza injini huku ameinamisha kichwa, kisha akasogea pembeni bila kutoa nasaha yoyote, akainua viganja akaomba dua. Machage aliendesha. Walivuka Mto Mara, wakapita Mugumu watu wakifungua maduka. Springi mpya zilikuwa ngumu na gari lilitembea kwa namna asiyoizoea, limekaza mwili, kama mtu aliyevaa viatu vya mkopo.

Natta walisimama kupoza injini. Mniko alibaki nyuma, mkono wake juu ya sanduku. Machage alikagua maji ya rejeta, akazunguka gari lote, akagonga kila tairi kwa teke. Kisha, badala ya kurudi kwenye mlango wake, alikwenda upande wa pili, akamwambia Robi asogee kwenye usukani.

Miaka mingi hakuwa amekaa upande ule. Kila aliposhika usukani, macho yake yalikuwa kwenye mashimo ya barabara. Sasa hakuwa na la kufanya ila kutazama. Nyumba za mwisho zikapita, kisha mashamba ya mtama, kisha mashamba yakakoma na nchi ikafunguka, nyasi za njano hadi mwisho wa jicho, na nyumbu wachache walioachwa na wenzao wakisimama kuwatazama. Upepo uliingia kwa mlango uliokuwa hauzibi vizuri hata baada ya fundi. Machage alijikuta ametoa mkono nje, kiganja wazi.

Robi aliendesha hadi bango la lango la Ikoma lilipoonekana kwa mbali. Kisha akauliza, bila kutoa macho barabarani:

"Nyumba ya mama yake imeelekea wapi? Kwenye ziwa au mlimani?"

Machage alianza kujibu, kwa kuwa alizoea kuwa na jibu la kila swali kuhusu Tomaso. Alitafuta. Aliupata ukungu, akaipata chai, akapata vishimo vya mashamba na kahawa inayoanikwa uani. Mlango wa nyumba haukuwemo. Tomaso hakuwahi kusema, au alisema siku ambayo yeye alikuwa chini.

"Sijui," alisema.

Robi aliitikia kwa kichwa. Mlinzi wa lango alikuwa ametoka kwenye kibanda chake, amekinga jua kwa mkono, akijaribu kuona ni gari gani linakuja lenye mzigo namna ile.